Msimamizi kauliza "Toleo lipi hili?"

Wakuu, naombeni msaada. Sura ya pili ya tasnifu yangu imerudi ina wino mwekundu mtupu. Natumia APA, ule mwongozo wa kutaja vyanzo na kuandika marejeo. Kitabu cha waandishi wanne niliwataja wote mara ya kwanza, kisha "na wenzake" kila nilipokirudia, kama nilivyofundishwa. Kosa liko wapi?

Jibu: Ulifundishwa toleo la 6. La 7 lilitoka 2019: wakiwa watatu au zaidi, unamtaja wa kwanza "na wenzake" tangu mwanzo. Majina yote yanakaa kwenye marejeo, hadi waandishi 20. Mji wa mchapishaji nao ufute, hautakiwi tena.

Jibu: Na usijongeze mstari wa pili wa kila rejeo kwa kubonyeza spesi! Nilifanya hivyo marejeo 60, nikabadili ukubwa wa herufi, yakatawanyika yote. Nenda mpangilio wa aya, weka sentimita 1.27.

Muulizaji: Hilo la spesi ni mimi kabisa. Je, nukuu niliyoikuta ndani ya kitabu cha mwingine?

Jibu: Ndani ya matini taja wote wawili, mwenye nukuu na uliyemsoma; kwenye marejeo, uliyemsoma tu. Ila kitafute chanzo chenyewe. Mimi nilikifuata kimoja, nikakuta mwandishi alisema kinyume.