Naomba ushauri: Binti yangu wa darasa la tatu aanze kujifunza kuandika programu za kompyuta?

Wazazi na walimu wenzangu, salamu kwenu. Shule anayosoma binti yangu imetutaka tulipie somo la kuandika programu za kompyuta, na kipindi chake kimewekwa mahali pa kipindi cha kusoma hadithi, jambo linalonitia mashaka kwa kuwa bado anasoma kwa kusitasita. Najua kwamba England ilianza kufundisha somo hili mwaka 2014 kwa watoto kuanzia miaka 5, na Kenya iliidhinisha mtaala wake mwaka 2022. Hata hivyo, Scratch, programu wanayoitumia shuleni, ambamo mtoto huburuta vipande vya amri na kuvipanga ili paka wa kwenye skrini asogee hatua 10 kisha ageuke, imekusudiwa hasa watoto wa miaka 8 hadi 16, naye ndiyo kwanza ametimiza 8. Nimemwona akipangua na kupanga upya amri hizo bila kuchoka (uvumilivu ambao kwenye hesabu hatuuoni kabisa), ila darasani watoto wanne hugawana kompyuta moja.

Naomba ushauri, hasa kwa waliokwisha kufundisha watoto wa umri huu: nilipie sasa, au nisubiri hadi darasa la tano, kusoma kukiwa kumekomaa? Je, yapo mazoezi ya mantiki yasiyohitaji kompyuta ninayoweza kumpa nyumbani?