Noti za haibridi: plastiki ndani, plastiki nje au dirisha tu, nianze na ipi?

Kurasa_Tupu:
Wakuu habari zenu. Noti za karatasi ninazo, za polima (plastiki tupu) ninazo kidogo, sasa nataka kuingia kwenye noti za haibridi, yaani zenye karatasi na plastiki pamoja, ila kila ninapopita nakuta watu wanaita haibridi vitu tofauti kabisa, huyu anaonyesha karatasi iliyofunikwa plastiki, yule plastiki iliyofunikwa karatasi, mwingine ana noti ya karatasi yenye kidirisha basi naye anaita haibridi. Sitaki rundo, nataka chache nzuri. Naangalia mambo matatu: muundo, alama za usalama ambazo naweza kuzichezea na lenzi na taa, na je zinatunzika? Mnanishauri nini?

LenziKumi:
Mbona umeshazigawa mwenyewe vizuri tu.

Ya kwanza, plastiki ipo katikati na karatasi ya pamba juu na chini. Hiyo ni Durasafe, inatoka Landqart ya Uswisi. Ilianza kutumika kwenye dirham 25 ya Moroko ya 2012, noti ya ukumbusho wa miaka 25 ya Dar As-Sikkah, kiwanda chao cha noti na sarafu. Baadaye Waswisi wakaitumia kwenye toleo lao la tisa, wakaanza na faranga 50 Aprili 2016 wakafunga na faranga 100 Septemba 2019.

Ya pili ni kinyume chake, karatasi ipo katikati halafu filamu nyembamba ya polyesta pande zote mbili, kama daftari lililovikwa nailoni. Hii ni ya Louisenthal ya Ujerumani na wao jina la biashara waliloipa ni Hybrid, ndo chanzo cha huu mkanganyiko wote. Tafuta emalangeni 100 na 200 za Swaziland za 2010, wakati huo nchi bado haijaitwa Eswatini.

Ya tatu ni za dirisha, mfano euro 20 ya 2015 na euro 50 ya 2017. Mie hizo siziiti haibridi. Ni karatasi ya pamba iliyotobolewa ikazibwa na filamu.

Binti_Wino:
LenziKumi umeanza tena 😂 kama noti ina karatasi na ina plastiki na vyote vinafanya kazi ya usalama, hiyo ni mchanganyiko, basi. Leva 20 ya Bulgaria ya 2005 inatajwa kila siku kuwa haibridi ya kwanza duniani na hakuna anayebisha.

Ila kwa swali la ndugu yetu jibu langu ni Uswisi, tena sio kwa sababu ya jina. Chukua faranga yoyote ya toleo la tisa uisimamishe mbele ya taa, kuna kapembetatu kadogo ambako mezani hata hukaoni, kikipitiwa na mwanga inatokea bendera ya Uswisi nyekundu na nyeupe. Kisha igeuze taratibu utaona tao la dhahabu linatembea juu ya dunia iliyochorwa katikati na dunia yenyewe inabadilika rangi. Halafu nenda kwenye ule ukanda unaong'aa, una ramani ya nchi, ukiinamisha noti kushoto na kulia zinatokea namba nyekundu na kijani kwenye mistari, mstari huu unaenda huku ule wa chini unaenda kule. Mie naweza kukaa nayo hapo nikasahau nilichokuwa nafanya.

Na muundo sasa, Manuela Pfrunder, mbunifu wa hizi noti, hakuweka sura ya mtu hata mmoja. Kila noti ni mkono na dunia. Faranga 50 ni upepo, mkono umeshika ua linalopeperusha mbegu. 20 ni mwanga. 10 ni muda, mikono imeshika kifimbo cha kuongozea muziki. 200 ni maada, vidole vitatu vimenyooshwa kuonyesha pande tatu, ile kanuni ya mkono wa kulia ya fizikia, na nyuma wameweka mambo ya CERN, ile maabara ya fizikia ya chembe. Kimo zote ni milimita 70, urefu ndo unapanda milimita saba saba, 10 ina 123 mpaka 1000 ina 158, ukizipanga kwenye albamu zinatengeneza ngazi.

Pamba_Safi:
Dada Wino kwenye muundo sikupingi. Kwenye kutunza ndo nina neno. Ile ya filamu nje (Swaziland) uchafu na unyevu haviingii kirahisi maana pamba imefunikwa, na bado alama ya maji (picha inayoonekana ukiinua noti mbele ya mwanga) na uzi wa usalama vinabaki vya kweli kwa sababu ndani ni karatasi halisi. Polima tupu haikupi hiyo. Shida yake inang'aa, kuipiga picha ni kazi, na wino upo juu ya filamu kwa hiyo mkunjo mmoja tu na unauona.

Ya Uswisi ukiishika unahisi karatasi kwa sababu nje ni karatasi, maana yake inachafuka kama karatasi. Kwa hiyo ukiinunua iliyozunguka mkononi mwa watu usishangae.

Halafu kitu watu wanapuuza: tabaka. Noti yoyote ya tabaka tatu kagua kona zote nne na kingo kwa lenzi kabla hujalipa, uone kama hazijaanza kuachana. Na usiweke kwenye mifuko ya PVC (ile plastiki laini ya bei rahisi), inatoa kemikali inayonata, tafuta ya polyesta. Na wale wa kunyoosha noti kwa pasi, hapa kuna plastiki jamani, msijaribu.

Taa_ya_UV:
Naongezea moja. Karatasi nzuri ya noti haiwaki chini ya taa ya UV, vinavyowaka ni nyuzi na wino maalumu tu. Ukiona noti ya karatasi nje inawaka buluu mwili mzima basi ama ni feki ama mtu ameifua na sabuni ili aiuze kama mpya. Za filamu nje ni ngumu zaidi kuzihukumu kwa taa peke yake, hapo tumia kidole na lenzi.

Kurasa_Tupu:
Aisee nimepata zaidi ya nilichouliza. Sasa Moroko 25 na faranga 10, zote Durasafe, nikitaka moja tu?

LenziKumi:
Moroko ina historia, ndo ilifungua njia, na thamani ya 25 sio ya kawaida kwao kwa hiyo hata namba yenyewe inavutia. Lakini ukitaka kujifunza alama za usalama nunua faranga 10. Ni ndogo kuliko zote kwenye toleo, bado ni pesa halali, na alama kuu zilizoko kwenye 1000 zipo na humo. Hiyo 1000 mwachie mwenye nacho.

Binti_Wino:
Kwa mara ya kwanza nakubaliana na huyu. Anza na 10, kisha Swaziland 100 uweke ukurasa wa pili uone tofauti ya ndani-nje kwa macho yako.

LenziKumi:
Na euro 20 usiweke kwenye ukurasa huo.

Binti_Wino:
Aiweke. Albamu ni yake.

Pamba_Safi:
Na kabla hujatuma hela, mwambie muuzaji akupe picha mbili, moja ya kawaida na moja noti ikiwa mbele ya taa. Akileta visingizio ruka.