Mtaalamu wa kujitolea anakuja kwa wiki sita: tumpe kazi gani?

Katibu wa kikundi, Kasese
Ndugu zangu, habari zenu. Kikundi chetu cha akina mama husuka vikapu vya mabua ya ulezi na rafia hapa Kasese, magharibi mwa Uganda. Shirika moja limetuahidi mtaalamu wa biashara wa kujitolea kutoka Ulaya, atakayekaa nasi wiki sita. Wanachama wengi wanatarajia atutafutie wanunuzi, lakini mimi nina wasiwasi kuhusu hali yetu atakapoondoka. Tumwombe afanye nini hasa, na jambo gani tusimwachie?

Mhasibu, Fort Portal
Dada Katibu, wasiwasi wako una msingi. Mwombeni kwanza mkokotoe pamoja gharama ya kikapu kimoja, kuanzia rafia na rangi hadi nauli ya kwenda Kampala, na zaidi ya yote saa za msukaji, ambazo katika vikundi vingi nilivyovikagulia hesabu haziandikwi popote. Bei ikipangwa kwa kumtazama jirani tu, oda kubwa huongeza hasara, kwa kuwa kila kikapu kinachouzwa chini ya gharama yake huondoka na sehemu ya mtaji. Wiki sita zinatosha kwa kazi hiyo. Hesabu ziandikwe katika daftari ambalo mweka hazina wenu analisoma mwenyewe, wala zisibaki kwenye kompyuta ya mgeni.

Mgonga lubugo, Masaka
Naunga mkono, ila mgeni ajifunze kazi yenu kabla ya kuahidi lolote kwa niaba yenu. Sisi hutengeneza lubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba, ambayo UNESCO iliitambua mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu. Gome huvunwa msimu wa mvua, shina likafungwa majani ya mgomba ili liote gome jipya, na lile lililovunwa hupondwa kwa nyundo za mbao hadi lilainike. Mtaalamu wetu, mtu mwenye moyo mwema kabisa, alikubali oda iliyotakiwa katikati ya kiangazi. Hatukuweza kuitimiza. Kibaya zaidi, mawasiliano yote yalipitia barua pepe yake, kwa hiyo hatukuwa na njia ya kumweleza mnunuzi sababu. Nyinyi fungueni anwani ya kikundi tangu siku ya kwanza.

Mfanyabiashara wa kazi za mikono, Kampala
Kwa kuwa anatoka Ulaya, awafundishe hati za huko. Bidhaa za Uganda huingia Umoja wa Ulaya bila ushuru, mradi asili yake ithibitishwe. Marekani ni habari nyingine, kwani Uganda iliondolewa katika AGOA, mpango wa kuingiza huko bidhaa za Afrika bila ushuru, tangu tarehe 1 Januari 2024, na bei iliyopangwa zamani kwa soko hilo inahitaji kupigiwa hesabu upya.

Katibu wa kikundi, Kasese
Nawashukuru sana. Nitapendekeza kikaoni kwamba mweka hazina na msichana mmoja aliyemaliza sekondari wakae na mgeni katika kila hatua. Ndugu Mhasibu, saa tutazihesabuje, ilhali mama husuka huku akipika na kulea?

Mhasibu, Fort Portal
Kila mmoja asuke kikapu cha kipimo kilekile, aandikiwe muda kila anapoanza na kila anapokiweka chini. Kisha tafuteni wastani wa kikundi kizima, msichukue muda wa msukaji hodari peke yake.