Mjadala: Programu ya zamani ya C irekebishwe, au kompaila mpya ndiyo ilazimishwe kuifuata?

Mwanzisha mada, Tukuyu

Ndugu wanajamvi, kituo chetu cha kupokea majani mabichi ya chai kinatumia programu ya lugha ya C iliyoandikwa miaka mingi iliyopita, nayo hadi leo inakompailiwa bila shida kwenye kompyuta kuukuu iliyo karibu na mizani. Nilipoijaribu kwenye kompyuta mpakato yenye GCC 15 (kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa programu ya kuendeshwa), ikagoma penye `typedef int bool;`, mstari unaoipa aina ya `int` jina la `bool`. Chanzo nakijua: toleo hilo la mwaka 2025 limeichukua C23, kiwango kipya cha lugha ya C, kuwa kawaida yake, na katika C23 `bool` ni neno la lugha yenyewe. Mwenzangu anataka tuongeze `-std=gnu17`, swichi ya kuiambia kompaila ifuate kanuni za kiwango cha kabla ya C23, tuendelee na kazi; mimi nataka turekebishe msimbo. Mnaonaje?

Mchangiaji, Iringa

Namuunga mkono mwenzako. Programu inayopima sawasawa haina sababu ya kufumuliwa wakati wa mvua, majani yanapokuwa mengi, kwani kila mstari unaoguswa ni nafasi mpya ya kupoteza kilo za mkulima. Tena ukianza "kuiboresha" utaweka maelezo kwa `//`, na kompaila inayofuata C89 (kiwango cha mwaka 1989) kikamilifu itayakataa.

Mchangiaji, Mbeya mjini

Kaka wa Iringa, hoja ya msimu naikubali, ila swichi hiyo haifiki mbali unakodhani. Itaiachia `bool` ipite, na mabano matupu ya `int soma();` itayasoma kwa maana ya zamani, yaani vigezo (thamani zinazopokelewa) havijatajwa, lakini funksheni (kipande cha msimbo chenye jina) inayoitwa kabla ya kutangazwa ni kosa tangu GCC 14 ya mwaka 2024, hata ukiweka gnu17. Wala huo si ukorofi. Niliwahi kuwa na funksheni iliyorudisha anwani ya mahali jina la mkulima lilipo kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Kwa kuwa sikuitangaza, kompaila ilidhani inarudisha `int`, yaani namba kamili. Kwenye mashine ya biti 32 vyote viwili ni baiti 4, ikapita. Kwenye ya biti 64 anwani ni baiti 8, nusu yake ikakatwa, programu ikaanguka mkulima akiwa amesimama na kikapu chake mbele ya mizani. (Onyo lilikuwapo siku zote, mimi ndiye niliyelipuuza.) Tangazeni kila funksheni pamoja na aina za vigezo vyake, maana kiwango cha 1989 kinalikubali tangazo hilo na C23 vilevile. Hiyo `bool` ipeni jina jingine, `hali` kwa mfano.

Mwanzisha mada, Tukuyu

Basi nitaanza na matangazo ya funksheni, na `-std=gnu17` ibaki hadi majani yapungue. Kila badiliko nitalikompaili kwanza kwenye ile kuukuu, kwa sababu ndiyo inayoandika malipo ya watu.