Tumeitwa kutoa maoni ya sera ya nishati ya tungamotaka, sisi wa mkaa mbadala tuombe nini? Ushauri wenu wakuu

vumbi_la_mbao:
Habari za jioni wakuu, niazimeni akili kidogo. Sisi ni kikundi cha vijana huku Mafinga, tunatengeneza mkaa mbadala kwa vumbi la mbao na mabanzi yanayobaki kwenye dingdong, zile mashine ndogo za kupasulia mbao, vitu ambavyo vingi vinaishia kuchomwa moto palepale mpaka macho yanawasha mtaa mzima. Tunachoma kwenye mapipa bila kuingiza hewa, tunasaga, tunachanganya na uji wa muhogo, tunapitisha kwenye mashine halafu tunaanika kwenye chanja. Ile mikopo ya vikundi, asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ndiyo iliyotuinua.

Sasa tumepata barua ya kikao cha wadau, wanakusanya maoni ya kutengeneza sera ya soko la tungamotaka, kuni, mkaa, pumba, maranda, vyote humo. Tuna dakika chache za kuongea na karatasi ya kuwasilisha. Kikundi kimegawanyika. Mwenyekiti anataka tuombe mashine kubwa, wengine wanataka tuombe mkaa wa miti upigwe marufuku, mimi naona tatizo letu ni wateja na njia ya kuwafikia. Kuna shule ilichukua mzigo wetu muhula mzima, ilipofika kulipa tukaambiwa fungu la kuni lipo ila fungu la mkaa mbadala halipo kwenye bajeti, subirini. Na kuna geti moja la ukaguzi walishusha magunia yetu wakidai kibali cha kusafirisha mkaa, unaeleza hili ni vumbi la mbao, jamaa anashika kipande anakwambia huu si mkaa huu? Ni mweusi kweli, utabishana nini.

Mngekuwa nyie mngeomba nini?

Mzee wa Tozo:
Mashine msiombe. Mashine za msaada zimejaa kwenye ofisi za vijiji nchi hii zimefunikwa turubai. Ombeni bei iwe ya haki, hapo ndipo soko lilipo.

Nieleze kidogo maana watu wengi hawaipigii hesabu. Mchomaji wa porini mti hajaununua, haupandi, na tanuri lake la udongo kwenye kilo 100 za kuni linampa kilo 10 mpaka 20 za mkaa, zingine zimeenda na moshi, lakini hasara hiyo haimuumi kwa sababu kuni ni za bure. Tozo inadaiwa barabarani, kwa hiyo anayepita usiku na bodaboda na magunia matatu hailipi. Wewe unalipia vumbi, unga wa muhogo, umeme, vipimo vya TBS (shirika la viwango), mfuko wenye nembo na leseni. Mnakutana sokoni nyote wawili, mama anauliza bei tu. Hapo hata upewe mashine ya Mjerumani utafunga. Kwa hiyo sera ihamishe tozo kutoka barabarani iende kwenye mti wenyewe, kule unakokatwa, na mkaa mbadala wa mabaki uondolewe kabisa kwenye utaratibu wa vibali vya mazao ya misitu, uwe na cheti chake ambacho mtu wa geti akikiona anajua.

dada_wa_supu:
Nyie mnaongea tozo tozo, anayelipa ni nani mwisho wa siku? Mimi nauza supu na chapati, kopo la mkaa likipanda mia mbili naisikia siku hiyohiyo. Na huo mkaa mbadala wenu nimeshautumia, unakaa muda mrefu kweli, maharage yanaiva na moto bado upo, ila kuuwasha asubuhi ni vita, na majivu ni ndoo nzima. Mwingine nilinunua ukabaki kama tofali, nikajua wamejaza udongo. Hamna sehemu ya kwenda kulalamika, mfuko hauna hata namba ya simu.

vumbi_la_mbao:
Dada uko sahihi, kuna wanaoweka udongo mwingi ili mzigo uwe mzito kwenye mizani. Sisi tunatumia muhogo, majivu yetu si hayo. Lakini ndiyo, mteja akishaunguzwa na mmoja anatuweka wote kapu moja.

pumba_za_Mbarali:
Si udongo tu, malighafi nayo. Pumba za mpunga zenyewe asili yake karibu moja ya tano ni majivu, hata uzitengeneze vizuri namna gani. Hazifai kwa jiko la supu, zinafaa kwenye tanuri la matofali au boila ya kiwandani. Vifuu vya nazi na mabanzi ni bora zaidi, majivu yake ni machache. Kiwango kikiwa kimoja kwa wote hakitasaidia, kiwe na madaraja, na kwenye mfuko iandikwe kiasi cha majivu, unyevu na imetengenezwa na nini. Huko kwenu na ukungu wa Mufindi na mvua za Novemba mpaka Aprili, unyevu ndio utawaua kwanza.

Kijiji Kwanza:
Natokea Kilosa, nataka nipinge hiyo hoja ya kupiga marufuku mkaa. Huku kwetu tangu 2012 kulikuwa na mradi wa mkaa endelevu wa TFCG na MJUMITA, mashirika ya uhifadhi wa misitu, kwa hela za Waswisi. Kijiji kinatenga sehemu ya msitu wake, inagawanywa vitalu vya mita 50 kwa 50, kimoja kinavunwa cha jirani kinaachwa, visiki having'olewi ili vichipue, na kitalu hakirudiwi mpaka miaka 24 ipite. Mchomaji analipia kijijini, risiti anapewa, na hiyo hela imejenga madarasa na nyumba za walimu tunaziona kwa macho. Watu wakajikuta wanaulinda msitu kwa sababu unawaingizia. Ukipiga marufuku mkaa wote unamfunga huyu anayefuata sheria na yule wa usiku anaendelea. 2006 si walipiga marufuku, bei ikaruka, haikufika hata mwezi wakaifungua.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Mafinga usiende kikaoni kutuua sisi ili nyie mpate soko. Adui yetu ni mmoja, mkaa wa bure.

Wa Nakuru:
Salamu kutoka Kenya. Hiyo ya marufuku tumeipitia. 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti kwa misitu ya umma, iliondolewa 2023, na hiyo miaka yote makaa ilikuwa inauzwa tu, bei ndiyo ilipanda na polisi wakapata kazi ya pembeni. Tulikuwa na kanuni za makaa tangu 2009, wachomaji wajiunge vyama, wapate leseni, kwa karatasi ni nzuri sana lakini msimamizi huku chini alikuwa mmoja na pikipiki haina mafuta. Uganda nao 2023 Museveni alipiga marufuku makaa ya biashara kule kaskazini, lori zikatafuta njia zingine. Ukienda huko kikaoni uliza nani atatekeleza na kwa bajeti gani, kabla hata hujasoma sera yenyewe.

fundi_boila:
Mnazungumzia majiko tu, tungamotaka ni zaidi ya hapo. Kampuni ya TANWAT pale Njombe wanazalisha umeme kwa mabaki ya miwati, miti yao ya kupandwa, tangu miaka ya tisini na wanaiuzia TANESCO, kiwanda cha sukari cha TPC Moshi wanatumia makapi ya miwa. EWURA, wadhibiti wa nishati, wana utaratibu wa wazalishaji wadogo wa umeme wasiozidi megawati 10. Nasema hivi kwa faida yako mleta mada, siku mwekezaji akija Mafinga na boila kubwa hilo vumbi mnalochukua kwa bei ya chee litakuwa dhahabu. Maranda si mmeona, wafuga kuku wameshayapandisha. Sera iseme kitu kuhusu mikataba ya malighafi, kikundi kiwe na uhakika wa miaka kadhaa na wenye viwanda vya mbao. Mkiwa na karatasi hata benki itawasikiliza.

manunuzi_tz:
Mkuu pole kwa hiyo shule, ila hapo ndipo pa kukazia. Tayari kuna agizo la serikali taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe kwenye nishati safi ifikapo 2034. Soko la taasisi lipo. Tatizo ni kwamba mwandaa bajeti akisikia nishati safi anawaza mtungi wa gesi.

Fanyeni mambo haya, moja ni lenu na lingine la sera. Lenu, sajilini kikundi kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, kama kundi maalumu, sheria ya manunuzi ya 2023 imetenga asilimia 30 ya manunuzi kwa vijana, wanawake, wazee na wenye ulemavu, watu wanalia hawana soko na hawajasajili. La sera, ombeni mkaa mbadala uwe na kifungu chake kwenye bajeti za taasisi pamoja na majiko yake, maana ukimpelekea mpishi mkaa wako akauweka kwenye jiko la kuni utachafuka jina.

Na mtenganishe kwenye maandishi mkaa wa mabaki ya mimea na ule wa makaa ya mawe. Rafiki Briquettes za STAMICO (shirika la madini la serikali) ni makaa ya mawe, REA (wakala wa nishati vijijini) na Magereza wanazitumia, sizipingi, lakini hamwezi kushindana bei na shirika la umma lenye mgodi wakati wote mnaitwa jina moja.

vumbi_la_mbao:
Aisee nimepata kikao kabla ya kikao. Nimeandika hivi mnikosoe: tozo ikae kwenye mti, si barabarani. Mkaa wa mabaki usidaiwe kibali cha misitu ukiwa na cheti. Viwango kwa madaraja, majivu yaandikwe kwenye mfuko. Kifungu cha bajeti kwenye taasisi na malipo ndani ya muda. Mikataba ya malighafi. Mkaa wa vijiji wenye usimamizi usiguswe, Kijiji Kwanza hiyo nimekusikia. Mashine nimeitoa, mwenyekiti amenuna.

Swali la mwisho, hayo majivu na unyevu sisi wadogo tunapimia wapi?

pumba_za_Mbarali:
Unyevu mnaweza wenyewe, pima gramu 100, kausha kwenye oveni mpaka uzito usipungue tena, pima, tofauti ndiyo unyevu. Majivu na kiasi cha joto pelekeni sampuli TIRDO, shirika la utafiti wa viwanda, pale Msasani. TBS piteni SIDO (shirika la viwanda vidogo) wawape barua ya utambulisho, wajasiriamali wadogo wana utaratibu wao wa gharama. Ila pelekeni sampuli ya mwezi wa pili, wakati wa mvua, msipeleke ya Agosti iliyopigwa jua.

dada_wa_supu:
Na namba ya simu kwenye mfuko! Iandikeni na hiyo.