Mrejesho: mtoto njiti mwenye manjano na suala la kumkanda

Habari zenu wapendwa. Wiki tatu zilizopita niliuliza kama kumkanda mtoto njiti kunapunguza manjano. Binti yangu alizaliwa na wiki 33, kilo 1.8; siku ya tatu akawa njano hadi machoni, na mama mkwe keshafika na kichupa chake cha mafuta ya nazi.

Tiba ilikuwa taa. Siku nne chini ya taa ya bluu, kafunikwa macho, kavaa nepi tu. Mafuta nesi aliyakataa katakata, kwamba ngozi yenye mafuta chini ya taa inaweza kuungua. Mama mkwe alinuna.

Kukanda kwenyewe hakukukatazwa. Mtoto alipotulia nesi alinionyesha: unanawa, unasugua viganja vipate joto, unavipitisha taratibu mgongoni na miguuni, kisha tumboni kwa kuzungusha kufuata mwendo wa saa. Dakika chache tu, na si akiwa ametoka kunyonya. Akikunja uso au pumzi ikibadilika, unaacha. Ile bilirubini inayoleta manjano hutoka kwa choo, ndiyo maana tumbo likichangamka inasaidia. Siku ya pili choo cheusi kikawa cha rangi ya haradali, ila nilikuwa namnywesha maziwa niliyokamua kila baada ya saa mbili, kwa hiyo sijui nisifu kipi.

Mlioniambia nimwanike juani: daktari kakataa, njiti hupoteza joto upesi na jua si badala ya taa.

Tumesharuhusiwa. Jana kapimwa, kilo 2.1.