Mashine ya nyasi inazima choki ikitolewa: kusafisha kabureta au kununua nyingine?

Bustani_Entebbe: Habari wakuu. Mashine ya kusukuma, injini ya Honda GCV160, imelala na petroli tangu Desemba. Mvua za Machi zimeingia, nyasi zinapanda. Inawaka kwa choki tu (kile kifuniko cha kubana hewa). Ukiitoa, mlio unapanda na kushuka, kisha kimya. Kabureta (kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa) za kuiga zipo Kisekka, soko la spea Kampala. Nisafishe hii au ninunue?

Fundi_Jinja: Safisha kwanza. Injini inayotaka choki muda wote inakosa petroli, na iliyolala miezi mitatu huacha utandu kwenye jeti, yaani vitundu vya kupitisha petroli ndani ya kabureta. Chomoa waya wa plagi, funga petroli, fungua bolti chini ya bakuli la kabureta kwa spana ya 10. Jeti kuu ni kiskrubu cha shaba katikati. Kitoe, kitazame kwenye mwanga: tundu lionekane duara kamili. Zibua kwa unyuzi mmoja wa waya laini wa umeme. Sindano hapana kabisa! Shaba ni laini; tundu likipanuka, injini itakunywa petroli kupita kiasi. Nyuma ya jeti, ndani zaidi, kuna mrija wenye vitundu ubavuni. Wengi huuacha, halafu wanalaumu kabureta.

Spea_Kla: Nakubali, ila kuna kabureta haisafishiki: bakuli lililoliwa na kutu, au ekseli ya throtali (kile kipande cha kuongeza na kupunguza mwendo) inayocheza, maana hewa hupenya hapo. Hiyo badilisha. Nenda na ya zamani mkononi, linganisha matundu ya bolti na mkono wa choki, na nunua gasketi mpya. Gasketi iliyopasuka huleta mlio huohuo.

Kigezi_Juu: Kwetu Kabale, karibu mita 2,000, shida ni kinyume: hewa ni nyepesi, petroli inazidi, plagi inajaa masizi. Huku dawa ni jeti ndogo zaidi.

Fundi_Jinja: Kweli. Na kama kisu kiligonga kisiki na kamba sasa inavuta mkono kwa nguvu, achana na kabureta, kagua kii ya flaiwili, kile kipande kidogo cha chuma kinachoshikilia gurudumu zito la injini mahali pake. Ikikatika, moto wa plagi unakuja wakati usio wake.

Spea_Kla: Bustani, pengo la plagi liwe milimita 0.7 hadi 0.8. Ukiilaza mashine, chujio la hewa likae juu, la sivyo oili italilowesha.